Kinga ya mafuriko ndani ya mpango wa maendeleo wa kijiji: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mwenyekiti, mtendaji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji cha Tanzania kilicho kando ya mto, chini ya mlima au kwenye bonde. Unaanza na kalenda, maana vijiji vingi vinakwama hapo.

Tuseme mto umefurika Aprili 2025. Mwezi wa tano hasira bado mbichi, mkutano unajaa, watu wanataka tuta, kalavati na darasa jipya juu ya kilima. Lakini mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, na bajeti ya Julai 2025 ilishafungwa. Ombi la kijiji litaingia kwenye maandalizi yanayoanza baadaye mwaka huo, na fedha, zikipatikana, zitaanza kutoka Julai 2026. Katikati hapo masika ya 2026 yatakuwa yamekuja na kuondoka.

Kwa hiyo gawanyeni kazi mafungu mawili tangu siku ya kwanza. Fungu la kwanza ni yale ambayo kijiji kinaweza kuyamaliza kabla ya mvua ijayo bila kusubiri shilingi ya halmashauri: alama za maji, zamu ya kuangalia mto, makubaliano ya nani atalala kwa nani, kusitisha ugawaji wa viwanja mabondeni, kusafisha mitaro. Fungu la pili ni ya kuombewa fedha. Mkichanganya vyote kwenye karatasi moja, yale rahisi nayo yatalala yakisubiri fedha za yale magumu.

Hatua ya 1: Tafuteni maji yalifika wapi

Msianze na fomu. Anzeni kwenye kuta. Nyumba ya tope iliyoingiwa na maji hubaki na mstari wa udongo, na hata mwenye nyumba akipaka chokaa, mstari hurudi kuonekana kama doa la kahawia au plasta inayobanduka. Miti ina alama zake: takataka zilizonasa matawini, gome lililochubuliwa upande wa juu wa mto. Pitieni kila kitongoji mkiwa na wazee, akina mama wanaochota maji na vijana wanaolima bondeni. Kwa kila alama andikeni mwaka, saa maji yalipoingia, yalikaa siku ngapi, na yalitokea upande gani.

Alama moja nzuri inaweza kuhamishiwa nyumba nyingine kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi hupimia msingi. Jazeni maji, toeni mapovu yote, shikeni ncha moja kwenye alama inayojulikana na nyingine kwenye ukuta wa pili. Maji yakitulia, pande zote mbili zina kimo kimoja. Kwa mpira wa mita 20 mtamaliza kitongoji kwa siku moja au mbili. Angalizo: mto una mteremko wake, hivyo msiburute alama moja kilomita nzima. Kila mita 100 hivi tafuteni alama nyingine ya kweli ya kuanzia. Pakeni rangi ya bluu mahali pa kudumu: shuleni, zahanati, kwenye nguzo ya daraja.

Kosa kubwa la hatua hii ni kuchora ramani inayoishia mpakani mwa kijiji. Tarehe 3 Desemba 2023, kilichoingia Katesh na vijiji jirani wilayani Hanang hakikuwa mto uliopanda polepole. Kilikuwa tope, mawe na magogo kutoka mlimani, na kiliua makumi ya watu. Nani analima juu yenu, nani amekata msitu, bwawa gani liko juu, na makorongo yanaanzia wapi? Kama korongo linaanzia kijiji cha jirani, mtendaji wa kata ndiye wa kuwakutanisha, na ni afadhali mkae mapema kabla watu hawajaanza kulaumiana.

Hatua ya 2: Hesabuni watu, si kaya tu

"Kaya 160 ziko hatarini" ni sentensi isiyosaidia mtu saa nane usiku. Mwenyekiti wa kitongoji awe na daftari la kaya zilizo chini ya alama ya bluu: idadi ya watu, asiyeweza kutembea, asiyesikia, mjamzito, mzee anayeishi peke yake, anayekunywa dawa za kila siku, mifugo mingapi. Lisasishwe kila mwaka kabla ya vuli na kabla ya masika.

Sasa tafuteni watakapokwenda. Jibu la kwanza la kila mtu ni shule. Fanyeni hesabu. Darasa la mita 7 kwa 9 lina mita za mraba 63. Kipimo kinachotumika kwenye misaada ya kibinadamu ni mita za mraba 3.5 kwa mtu mmoja, kwa hiyo darasa hilo ni la watu 18. Shule yenye madarasa saba inachukua watu 126. Kama vitongoji vya bondeni vina watu 640, wamebaki 514 wasio na pa kwenda. Kwa usiku mmoja watabanana, ni kweli, lakini maji yakikaa wiki tatu kubanana huzaa kuhara na kikohozi, na watoto wa kijiji kizima wanakosa masomo.

Njia inayofaa zaidi ni kaya mwenyeji: kila kaya ya bondeni inaunganishwa mapema na kaya ya juu, kwa jina, na pande zote mbili zinakubali mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Undugu, ukoo na jirani wa shamba vifanye kazi yake. Shule ibaki kwa wasio na mwenyeji. Kwa hao 126 pangeni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, yaani lita 1,890. Tangi la lita 5,000 litakwenda siku mbili na nusu hivi. Habari njema ni kwamba paa la madarasa hayo, mita za mraba 441 tu bila kuhesabu baraza, likinyeshewa milimita 20 hutoa lita 7,000 hivi hata ukitoa sehemu ya tano inayopotea. Mifereji ya paa na tangi ni mradi halali wa maji wa shule, na hapohapo ni maandalizi ya maafa. Choo: tundu moja kwa watu 50 siku za mwanzo, kisha tundu moja kwa watu 20, yaani matundu saba. Kama shule ina matundu manne, hayo matatu yaingie kwenye mpango.

Hatua ya 3: Zamu ya mto na alama ya nyekundu

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa ngazi: angalizo kwa njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Taarifa hizo ni za mkoa au ukanda. Haziwezi kusema korongo lenu litajaa saa ngapi, na hapo ndipo kijiji kinatakiwa kuwa na macho yake.

Pimeni mvua. Chupa ya plastiki iliyonyooka ubavuni inatosha: kata kichwa, kigeuze kiwe faneli, weka kokoto chini isiangushwe na upepo, ongeza maji hadi usawa wa sifuri, bandika rula ya milimita. Iwekwe mahali wazi, mbali na mti kwa angalau mara mbili ya kimo cha mti huo. Isomwe saa 3 asubuhi kila siku, iandikwe hata kama ni sifuri. Mwalimu wa jiografia na wanafunzi wake huifanya kazi hii vizuri kuliko kamati. Msisahau likizo, maana mvua haiendi likizo.

Kwenye mto, simamisheni nguzo iliyopakwa rangi kila sentimita 10, au tumieni nguzo ya daraja. Kijani, njano, nyekundu. Rangi nyekundu ianzie wapi? Wengi huiweka pale maji yanapoanza kumwagika, na hapo watu wameshachelewa. Hesabuni kwa kurudi nyuma. Mchukueni mzee anayetembea polepole kuliko wote, mumhamishe kwa mazoezi, mpime muda tangu filimbi hadi anapofika juu. Tuseme ni dakika 90. Waulizeni waliokuwepo mwaka mbaya maji yalipanda kwa kasi gani. Tuseme sentimita 40 kwa saa. Kwa dakika 90 ni sentimita 60. Ongezeni nusu yake kwa ajili ya giza na usumbufu, ziwe 90. Nyekundu ianze sentimita 90 chini ya pale maji yanapoingia nyumba ya kwanza.

Mkipata mtu wa kuaminika kijiji cha juu, mko vizuri zaidi. Mto wenye mwendo wa mita 1 hadi 2 kwa sekunde husafiri kilomita 10 kwa saa moja na nusu hadi saa tatu kasoro. Simu moja kutoka kwake inawapa muda huo wote. Kwenye makorongo ya milimani muda huo haupo: huko nyekundu ni mvua yenyewe, pale kipimo kinapoonyesha kiwango mlichokubaliana, au maji ya korongo yanapokatika ghafla huku mvua inaendelea, dalili kwamba kuna kitu kimeziba juu.

Watu wawili wa zamu, si mmoja, na wa tatu wa akiba. Vocha zao ziwe kwenye bajeti ya kijiji. Ujumbe upite kwa njia mbili zisizotegemeana: simu, na sauti, yaani kipaza sauti cha msikiti au kengele ya kanisa, filimbi, ngoma. Mnara wa simu huweza kuzimika umeme ukikatika. Kubalianeni mlio wa maafa usifanane na wa msiba au wa mkutano. Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa 114, polisi 112.

Hatua ya 4: Ardhi kabla ya saruji

Kazi yenye faida kubwa kuliko zote haina gharama ya vifaa: kuacha kugawa viwanja chini ya alama ya bluu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kijiji kinachoandaa mpango wa matumizi ya ardhi kiweke eneo hilo kama hifadhi na kulizungushia mpaka unaoonekana: minyaa, mianzi, nguzo. Mpaka ulioko kwenye karatasi tu husahaulika. Na mita 60 ni kiwango cha chini: kama alama ya bluu iko mita 200 kutoka mtoni, alama ndiyo yenye kusema kweli.

Sheria ndogo huandaliwa na halmashauri ya kijiji, hujadiliwa kwenye mkutano mkuu, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Bila idhini hiyo faini yenu haina miguu, na mtu wa kwanza mwenye wakili ataiangusha.

Waliokwisha kujenga je? Hapa tahadharini na amri ya kuhama. Baada ya mafuriko ya 1968, wakazi wa bonde la Rufiji walihamishiwa sehemu za juu kwenye vijiji vipya. Lakini riziki ilibaki chini, kwenye mashamba ya mlau yanayolimwa maji yakipungua, na watu wakawa wanarudi kila msimu kuishi kwenye madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Dar es Salaam nayo, waliopewa viwanja Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wako waliorudi bonde la Msimbazi, kwa kuwa kazi ziko mjini. Familia ihame, shamba libaki: hilo ndilo pendekezo linalokubalika. Nyumba na ghala juu. Bondeni kubaki kilimo, njia ya kutokea na dungu imara. Kiwanja cha juu kiwe na maji na barabara kabla ya kumwambia mtu ahamie.

Hatua ya 5: Kila mradi upite kwenye maswali manne

Kinga ya mafuriko haikai kwenye sura ya "maafa" mwishoni mwa mpango. Inakaa ndani ya mradi wa darasa, barabara, kisima na zahanati. Kamati ya Fedha na Mipango iulize kila mradi: Sakafu itakuwa juu au chini ya alama ya bluu? Mradi huu utazuia maji yapite wapi? Maji yakija, utatumika kwa nini? Nani atausafisha kila mwaka, kwa fedha ipi?

Swali la pili ndilo linaloumbua. Barabara iliyoinuliwa bila kalavati za kutosha ni bwawa. Bomba la milimita 900 si "kubwa kidogo" kuliko la 600: kipenyo ni mara moja na nusu, lakini nafasi ya kupitisha maji ni mara mbili na robo. Bomba dogo pia huzibwa na gogo moja, maji yanapita juu ya barabara na kuikata upande wa chini. Barabara iko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), na mhandisi ndiye atakayeamua, ila mpelekeeni vipimo: upana wa korongo, kimo cha alama ya maji, picha ya barabara ikiwa imefunikwa. Mhandisi mwenye vipimo husikiliza haraka kuliko mwenye malalamiko.

Tuta la mto ni ombi la kila mkutano, na ndilo la kuogopa zaidi. Kilosa inajulikana kwa hili: Desemba 2009 hadi Januari 2010 tuta la mto Mkondoa lilizidiwa, mji ukajaa maji na maelfu wakaishia kwenye mahema. Tuta lisilotunzwa huwapa watu moyo wa kujenga nyuma yake, kisha hupasuka ghafla. Ng'ombe wakilikanyaga, panya wakichimba, mtu akilima juu yake, limekwisha. Kama hamna fungu la kulikarabati kila mwaka, msiliombe. Na kazi yoyote ndani ya mto ipite kwanza bodi ya maji ya bonde lenu.

Vizuizi vya mawe kwenye makorongo, kinyume chake, kijiji kinaviweza. Hesabu yake ni hii. Mguu wa kizuizi cha juu uwe usawa wa mdomo wa kizuizi cha chini, yaani pale maji yanapopitia. Gawanyeni kimo cha mdomo kwa mteremko: kizuizi cha sentimita 80 kwenye mteremko wa asilimia 5 kinadai umbali wa mita 16. Korongo la mita 200 litahitaji vizuizi 13. Kila kimoja, upana mita 3, unene wa wastani mita 1, pamoja na mawe ya kuingia kingoni na ya kitako, hula mita za ujazo 3.5 hivi, jumla 45, sawa na tripu 7 za tipa ya mita za ujazo 7. Katikati pawe chini ya kingo kwa sentimita 20 hadi 30 ili maji yapite hapo. Mawe yaingie kingoni angalau nusu mita, na chini ya mdomo pangwe kitako cha mawe makubwa mita moja na nusu. Vinavyobomoka, mara nyingi ni kwa sababu mbili: maji yamezunguka pembeni, au yamechimba kitako. Anzeni juu ya korongo mkishuka, na mpande majani ya vetiva kila sentimita 10 hadi 15 juu ya kingo.

Hatua ya 6: Andikeni mstari wa bajeti unaosomeka

"Kukabiliana na maafa: milioni 5" utakatwa kwanza, kwa sababu hakuna anayejua unakatwa nini. Andikeni hivi: "Kujenga vizuizi 13 vya mawe, korongo la mita 200, kitongoji fulani, kulinda shule na kaya 48. Nguvu za wananchi: kuchimba na kupanga mawe, watu 40 kwa siku 6. Kinachoombwa: tripu 7 za mawe." Sehemu ya wananchi ioneshwe kwa namba, ndiyo hoja yenu kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Kazi za ajira za muda za TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) zinaweza kuingia hapa, kwa walengwa waliomo kwenye mpango. Mfuko wa jimbo ni wa kuombea vitu vidogo vinavyoonekana, kama tangi au mabati. Mapato ya kijiji yenyewe, hata madogo, yabebe vocha, filimbi, rangi na betri.

Ratiba: Agosti na Septemba kukusanya takwimu, mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukaa kila baada ya miezi mitatu, upitishe vipaumbele kufikia Oktoba au Novemba, kisha kata, kisha wilaya. Tarehe kamili ya mwaka husika muulizeni mtendaji wa kata. Diwani awe na nakala mkononi, asisimuliwe.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Iundeni, ila iwe na watu wa mto: mvuvi, mchunga ng'ombe, mhudumu wa afya, mwalimu, mama anayejulikana kila nyumba. Kamati ya watu wanaoishi wote senta haitajua maji yameingia.

Hatua ya 7: Juni, mkae tena

Maji yakipungua, wiki mbili tu zinatosha: alama mpya zipakwe rangi kabla mvua haijaziosha, daftari la mvua lilinganishwe na siku mto ulipofika nyekundu, wenyeji waulizwe nani alikuja na nani hakuja na kwa nini. Mara nyingi asiyekuja alibaki kulinda mbuzi au mahindi. Basi zizi na ghala la juu viingie kwenye mpango wa mwaka unaofuata, hata kama haviitwi mradi wa maafa.

Uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika kila miaka mitano, na mwenyekiti mpya mara nyingi hukabidhiwa mhuri peke yake. Kwenye hati ya makabidhiano ongezeni: ramani, daftari la kaya, daftari la mvua, orodha ya wenyeji na funguo za stoo ya shule. Nakala moja ikae kwa mtendaji wa kata. Nyingine itundikwe ukutani ofisini, juu ya alama ya bluu.